Kisahani cha Baba

Baba yangu alikuwa akinywa chai kwa kisahani. Akishawekewa kikombe mbele yake alikiinamisha polepole, akajaza kisahani mpaka ukingoni, akapuliza mara mbili, kisha akavuta kwa mdomo kwa sauti ambayo sisi watoto tuliisikia hata tukiwa jikoni. Kwetu sauti ile ilikuwa kama kengele ya jioni. Ilitujulisha kwamba baba amerudi, mvua imemwacha, na kazi ya siku ile imekwisha.

Alikuwa kibarua wa chai. Kwa zaidi ya miaka 30 alichuma, akapogoa na kupalilia katika shamba moja la wazungu hapa kwetu Rungwe, ambako mvua huzidi milimita 2000 kwa mwaka na mtu huzoea kuvaa gunia kichwani kama wengine wavaavyo kofia. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa majani, weusi ambao sabuni haikuuweza. Alilijua jani la chai kwa kuligusa tu: majani mawili na chipukizi, basi, zaidi ya hapo ni takataka. Lakini mtu huyu aliyeijua chai tangu mchini mwake, mimi mwanawe nilifika mahali nikaona kwamba hajui kuinywa.

Ndugu msomaji, nataka nikueleze habari ya kisahani hicho. Historia ya wilaya yetu imeandikwa kwa habari za machifu, za wamisionari na za mazao, na ni sawa iandikwe hivyo. Hata hivyo naamini kwamba inaweza kuandikwa pia kwa habari za vikombe, za mavazi na za nyimbo za mazishi, kwa sababu katika vitu hivyo ndimo watu wetu walimojifunza kupimana nani wa juu na nani wa chini.

Nianze kabla ya chai. Wako wanaodhani kwamba kupenda vitu vizuri kuliletwa kwetu na wageni. La hasha. Mskoti Joseph Thomson alipita nchi hii mwaka 1879, kabla misheni yoyote haijajengwa hapa, naye alivisifu mno vijiji vya Wanyakyusa: migomba iliyopangwa, nyumba safi, viwanja vilivyofagiliwa. Wazee wetu walijua nyumba nzuri na nyumba mbaya. Walijua maziwa mgando yaliyoiva na yasiyoiva. Wala hawakuwa sawa wote. Alikuwako malafyale, yaani chifu, na walikuwako watu wake. Walikuwako wenye ng'ombe wengi na wake wengi, na walikuwako vijana waliosubiri miaka na miaka wapate ng'ombe wa mahari. Atakayekuambia kwamba zamani hapakuwa na wakubwa na wadogo, huyo anakusimulia ndoto.

Lakini ukubwa wa siku zile ulikuwa na alama yake, na alama hiyo ilikuwa ni kulisha. Wataalamu wawili, Godfrey Wilson na mkewe Monica, walikaa Rungwe kati ya mwaka 1934 na 1938 wakijifunza maisha yetu. Katika kitabu chake cha mwaka 1951, Monica Wilson alieleza jinsi wavulana walivyojitenga na wazazi wao na kujenga kijiji chao cha rika moja, na jinsi walivyokwenda kula kwa pamoja katika nyumba ya mama wa huyu leo na ya mama wa yule kesho. Jambo alilolikazia kuliko yote ni lile ambalo kwa Kinyakyusa huitwa ukwangala: kukaa pamoja na wenzako, kula na kunywa na kuzungumza kwa furaha. Aliyekula peke yake alitiliwa shaka. Mwenye ng'ombe wengi aliheshimiwa kwa kuwa nyama na pombe yake vilifika katika vinywa vya wengine, na asiyetoa, hata akiwa na zizi lililojaa, heshima yake ilikuwa ya mashaka.

Kisha mwaka 1891 walikuja Wamoravian, wakajenga Rungwe chini ya mlima. Na mwaka huohuo watu wa Misheni ya Berlin nao walianza kazi upande wa Ziwa Nyasa. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wajerumani walihamishia makao yao ya serikali Tukuyu, wakapaita Neu Langenburg. Waingereza walipokuja mwaka 1916 walirithi boma hilo, na pamoja nalo walirithi desturi ya kuwa na makarani, wakalimani na walimu. Basi likatokea tabaka la watu ambao hapo kwanza hawakuwako: watu wa kalamu. Hawakuwa na ng'ombe wengi. Pengine hawakutoka katika ukoo wa malafyale. Hapana budi heshima yao ionekane kwa njia nyingine.

Njia hiyo ilikuwa ni mavazi, nyumba na meza. Mkristo alivaa nguo iliyoshonwa. Alijenga nyumba ya matofali yenye pembe nne na dirisha. Aliacha pombe, au aliinywa kwa kujificha. Msiba ulipotokea hakucheza ngoma, bali aliimba nyimbo za kitabuni. Na mgeni alipokuja, alimpa chai. Zingatia jambo hili, msomaji. Kimpumu, pombe yetu ya ulezi, hunywewa kwa mirija, watu wakiwa wamekizunguka chungu kimoja chenye maji ya moto. Chai hunywewa kila mtu na kikombe chake. Katika kimpumu huwezi kujua mwenzako amekunywa kiasi gani. Katika chai kila mmoja anaona kikombe cha mwenzake kina ufa au hakina, kina sukari au hakina, kina maziwa au ni chai ya rangi tupu.

Sisemi kwamba wamisionari walikuja na nia ya kututenganisha. Shule zao ndizo zilizonifanya niweze kuandika maneno haya. Nasema tu kwamba pamoja na somo la kusoma na kuandika kulikuwa na somo jingine lisiloandikwa ubaoni, nalo sisi wanafunzi tulilishika upesi kuliko hesabu. Tulijifunza kumtambua mtu "aliyestaarabika" kwa kutazama mkono wake unavyoshika kikombe.

Na hapa ndipo kilipoingia kisahani cha baba. Shuleni tulifundishwa kwamba kumimina chai kwenye kisahani ni adabu mbaya. Niliamini kwamba wazungu tangu kuumbwa kwao hawakupata kufanya hivyo. Nilikuwa mtu mzima, tayari mwalimu, niliposoma kwamba katika karne ya 18 Waingereza wenyewe, hata watu wa heshima zao, walikuwa wakimimina chai kwenye visahani ili ipoe, kwa kuwa vikombe vya kwanza vilivyotoka China havikuwa na mikono na chai ilikuwa ya moto. Baadaye, chai iliposhuka bei na kufika kwa watu wa chini, wakubwa waliiacha tabia hiyo na kuiita ya kishamba. Yaani baba yangu alikuwa akinywa chai kama babu wa babu wa wale waliomcheka.

Huo ndio mchezo wenyewe. Alama ya ukubwa hudumu maadamu wadogo hawajaifikia. Wakiifikia, wakubwa huiacha na kutafuta nyingine. Mfaransa Pierre Bourdieu aliandika kitabu kikubwa juu ya jambo hili mwaka 1979, akionyesha kwamba yale tunayodhani ni mapenzi yetu ya moyoni, chakula tukipendacho, muziki tuupendao, picha tunazotundika ukutani, mara nyingi yamefuata mahali tulipozaliwa na elimu tuliyopewa, na kwamba tunayatumia kuwapandisha watu na kuwashusha. Yeye alichunguza Wafaransa. Nilipokutana na mawazo yake niliwaona watu wa Tukuyu.

Wala si Rungwe peke yake. Unguja, hali ya utumwa ilipofutwa kisheria mwaka 1897, wengi waliokuwa watumwa waliziacha nguo za merikani na kaniki walizovishwa, wakaanza kuvaa kanzu na kofia, kanga na buibui. Walijua wanachokifanya. Nguo ilikuwa cheti cha uhuru ambacho hata asiyejua kusoma angeweza kukisoma. Tanganyika nayo ilifuta utumwa mwaka 1922, na katika miji ya pwani siku hizo watu walikuwa wakishindana kwa ngoma ya beni, yenye tarumbeta, sare na vyeo vya kijeshi. Palikuwa na makundi mawili mashuhuri, Marini na Arinoti. Marini walijiona watu wa hali ya juu; Arinoti walihesabiwa watu wa kawaida. Ngoma ileile, gwaride lileile, lakini mtu aliulizwa: wewe ni wa upande gani? Askari na vibarua waliipeleka beni bara, na kandokando ya Ziwa Nyasa ikazaa mganda, ambapo vijana wa vijijini walivaa kaptula nyeupe zilizopigwa pasi na kucheza kwa mistari kama askari wa Kaisari au wa Kingi.

Kwetu mlimani njia nyingine ya kupata alama za ukubwa ilikuwa ni kusafiri. Katika miaka ya 1920 na 1930 wanaume wa Rungwe walikwenda kuchimba dhahabu Lupa, huko Chunya. Wengine walivuka mpaka mpaka migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Na baadaye wako waliokwenda hadi Afrika Kusini kwa njia ya Wenela. Waliporudi hawakuhitaji kutangazwa. Kofia, viatu vya ngozi, baiskeli, santuri na koti refu vilitangaza. Mjomba wangu mmoja alirudi na suti ya kijivu akaivaa shambani siku tatu mfululizo, akipalilia mahindi, ili asiwepo mpita njia wa kusema hakuiona.

Godfrey Wilson, yuleyule aliyekaa Rungwe, alikwenda kuwachunguza wafanyakazi hao katika mji wa Broken Hill, ambao leo ni Kabwe. Katika kazi yake iliyochapwa mwaka 1941 na 1942 alionyesha kwamba katika mji ule mavazi yalikuwa yamechukua nafasi ambayo kwingine huchukuliwa na ng'ombe. Ndiyo mali, ndiyo sifa, ndiyo zawadi kwa jamaa. Huyu alikuwa ametoka kwa watu wa ng'ombe, kwa hiyo alijua anachokilinganisha. Lakini kuna tofauti moja ambayo sisi tuliozaliwa huku tuliiona kwa macho. Ng'ombe akichinjwa, kijiji kizima hula. Suti huvaliwa na mtu mmoja.

Baba hakwenda mgodini. Alibaki na chai. Zao hilo lililetwa na Wajerumani, ambao walilipanda Kyimbila tangu mwaka 1904, nalo lilienea kibiashara wakati wa Waingereza. Wakati wa utoto wangu, katika miaka ya 1950, chai ilikuwa mali ya mashamba makubwa. Wakulima wetu wadogo walikuja kuipanda hasa baada ya uhuru, katika miaka ya 1960. Kwa hiyo katika nyumba yetu majani mabichi yalipita mikononi mwa baba kila siku, lakini chai ya kunywa tuliinunua dukani, pakiti ndogo iliyokwisha kusafiri mpaka Dar es Salaam na kurudi. Maziwa tulikuwa nayo siku ng'ombe alipokuwa na ndama. Sukari iliwekwa juu ya kabati la mama, karibu na Biblia.

Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha. Nilikuwa kijana, na mwaka 1969 niliingia chuo cha ualimu. Naam, sisi tuliimba kwa moyo. Tuliimba kwamba unyonyaji utakwisha, kwamba binadamu wote ni sawa, kwamba hakuna bwana wala mtwana. Viongozi walikatazwa kuwa na mishahara miwili na nyumba za kupangisha. Umoja wa Vijana wa TANU ulikuwa umekwisha kuanzisha Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana, kuanzia Januari 1, 1969. Ilionekana kama kwamba mambo ya kujionyesha yamefikia mwisho wake.

Lakini nani asiyekumbuka suti za Kaunda? Zilikuja kama vazi la Mwafrika asiyetaka kuiga tai za wakoloni. Baada ya muda mfupi zilikuwa vazi la mkubwa. Ukimwona mtu mwenye suti ya Kaunda, kalamu mbili mfukoni na mkoba mkononi, ulijua kwamba foleni si yake. Kabwela alimtambua kizito kwa mbali kama zamani alivyomtambua karani. Nasi wanachuo, ambao asubuhi tuliimba habari za usawa, jioni tulikaguana kola za mashati na kumcheka mwenzetu aliyesema "chayi" kwa lafudhi ya kwao. Mimi nilicheka kuliko wote, kwa sababu niliogopa nisije nikachekwa mimi.

Sasa nifike pale ninapoona haya kufika.

Mwaka 1974 nilikuwa mwalimu na nilikuwa nimeoa. Mke wangu alitoka katika nyumba ya karani mstaafu wa boma, mzee wa kanisa, mtu aliyesoma gazeti akiwa amevaa miwani. Wakwe zangu walituma habari kwamba watakuja Jumapili moja kuiona nyumba yetu. Nikashikwa na homa. Nilikwenda Tukuyu mjini nikanunua vikombe sita vyenye maua na visahani vyake, na chupa ya chai ya Kichina ambayo bei yake sitaitaja. Mke wangu alifuma vitambaa vyeupe vya kufunika viti. Mama aliazima sinia kwa jirani. Kila kitu kilikuwa tayari, isipokuwa baba.

Nilimwona katika mawazo yangu akikiinamisha kile kikombe chenye maua. Niliisikia ile sauti. Nilimwona baba mkwe akitazama pembeni kwa adabu, na shemeji zangu wakikanyagana miguu chini ya meza.

Basi nikatafuta maneno, na maneno niliyoyapata ni ya aibu kuliko nilivyofahamu wakati ule. Katika mila zetu za zamani mke hakutani na baba wa mumewe. Haruhusiwi kumtazama usoni wala kulitaja jina lake. Wakikutana njiani, mwanamke hupisha na kujificha. Mila hiyo ilikuwa imekwisha kulegea sana kati ya Wakristo, na mimi mwenyewe sikuwa nimeifuata hata siku moja. Mke wangu alikuwa akimwandikia baba barua zake. Lakini asubuhi ile nilimwendea nikamwambia, "Tata, mkwe wako atakuwa akihudumia mezani leo, na ndugu zake wapo. Kwa mila si vizuri mkaonana mbele ya watu. Labda upumzike kwa jirani mpaka waondoke."

Alinitazama kidogo. Kisha akasema, "Sawa, mwalimu."

Hakuniita kwa jina langu. Alivaa koti lake la mvua akashuka migombani, na baadaye niliambiwa kwamba alishinda kilabuni na wachuma chai wenzake, wakinywa kimpumu, na kwamba hakusema lolote juu ya wageni.

Ziara ilikwenda vizuri. Chai ilisifiwa. Baba mkwe alikula maandazi mawili. Kisha akauliza, "Mzee wetu yuko wapi? Nilitaka nimsalimie." Nikajibu kwamba yuko zamu kiwandani. Ilikuwa Jumapili, na yule mzee alijua kama nilivyojua kwamba baba ni mtu wa shambani, wala si wa kiwandani. Akaitikia, "Ahaa," akashika kofia yake.

Baba aliishi miaka tisa zaidi. Hatukulizungumza jambo hilo. Alikuja nyumbani kwangu mara nyingi, na kila nilipomwekea chai kwa vile vikombe vya maua alisema kwamba kikombe cha bati kinamtosha. Mke wangu ndiye aliyemwekea kisahani, kila mara, bila kusema kitu, naye hakukigusa.

Alifariki mwaka 1983. Wanaokumbuka mwaka ule watakumbuka hali ilivyokuwa. Bidhaa zilikuwa zimepotea madukani, Serikali ilikuwa katika vita dhidi ya wahujumu uchumi, na sukari ilikuwa ya kugawiwa kwa kilo, ikipatikana. Msiba ulijaa watu. Kanisa lilileta kwaya na tarumbeta, kwa maana Wamoravian tangu zamani za Ujerumani wana desturi ya kutangaza kifo na kuzika kwa tarumbeta, nasi watu wa Rungwe tumeipenda desturi hiyo mpaka imekuwa yetu. Huko chini ya migomba walikuwako vibarua wa chai na wazee wa rika la baba, na mmoja wao alikuwa amekuja na ngoma. Wazee wetu walizikana kwa kucheza. Monica Wilson ameeleza jinsi wanaume walivyocheza kwa mikuki msibani, kwa nguvu, ili kuikabili hofu ya kifo. Yule mzee aliniuliza, "Mwalimu, tumpigie?"

Nilijua jibu ambalo lilitarajiwa kwa mtu wa hadhi yangu. Nilijua pia kwamba baba alibatizwa uzeeni na kwamba alizipenda tarumbeta. Niliwaambia wapige baada ya ibada. Wakapiga, lakini kidogo, kwa staha, kama wageni. Nadhani walisubiri niingie, nami sikuingia. Nilisimama upande wa tarumbeta nikiwa nimevaa suti ya Kaunda.

Jioni watu walipewa chai. Ilikuwa chai ya rangi isiyo na sukari, kwa kuwa sukari haikuwapo kwa mtu yeyote, si kwa karani wala kwa kibarua. Vikombe havikutosha. Watu walinyweana kwa makopo, kwa bakuli, kwa vikombe vya bati, kwa vile vyangu vya maua. Nilimwona baba mkwe, mzee sana sasa, ameketi kwenye gogo kati ya wachuma chai wawili. Mmoja wao alikuwa amemmiminia kwenye kisahani kwa kuwa kikombe kilikuwa cha moto na mikono ya mzee ilitetemeka. Aliinywa. Aliponiona alinyanyuka, akanishika mkono, akasema kwa sauti ya chini, "Nimekuja kumsalimia mzee wetu ambaye sikumsalimia."

Hakusema zaidi, na hakuhitaji.

Nimeishi na maneno hayo zaidi ya miaka 40. Katika muda huo nimeona alama nyingine zikipanda na nyingine zikishuka. Vile vitambaa vyeupe vya viti, ambavyo mke wangu alifuma mpaka macho yakamuuma, wajukuu wangu wanavicheka. Chupa ya chai yenye maua ya Kichina imekuwa kitu cha vijijini. Sisi tulionyesha uwezo kwa vijiko vinne vya sukari. Leo mjukuu wangu anayefanya kazi mjini Mbeya huonyesha elimu yake kwa kunywa chai bila sukari kabisa. Zamani maparachichi yalianguka chini ya miti yetu wakala nguruwe. Siku hizi yanachaguliwa moja moja na kusafirishwa Ulaya. Mbalaga, ndizi zetu za kupika, ambazo shuleni tulizificha kana kwamba ni jambo la haya, sasa zinaandikwa katika orodha ya vyakula vya hoteli kwa jina la chakula cha asili, na bei yake inampita mchuma chai.

Kwa hiyo simfundishi kijana yeyote asipende kizuri. Wazee wetu walipenda vizuri, na mtumwa aliyevaa kanzu yake ya kwanza Unguja hakuwa na kosa. Kosa langu halikuwa kununua vikombe. Wahenga walisema kwamba mkataa kwao ni mtumwa, na mimi siku ile nilikuwa mtumwa wa vikombe sita. Nilichukua chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya kumkaribisha mtu, nikakitumia kumtoa mtu nje, na mtu huyo ndiye aliyenilipia ada ya shule kwa vidole vyake.

Kikombe kimoja cha yale maua bado ninacho. Vingine vilivunjika. Nikiwa na wageni, wa aina yoyote, kabla sijaketi huwa nauliza jambo moja: nani wa nyumba hii hayupo mezani, na ni nani aliyemwambia aondoke? Wajukuu wamelizoea swali hilo na wanadhani ni uzee. Kisha namimina chai kwenye kisahani, napuliza mara mbili, na kuinywa kwa sauti.